Final Fantasy: gemu za pembeni zinaujenga mfululizo au zinaubomoa?

Kila tukizungumzia Final Fantasy, mfululizo wa gemu za video kutoka Japani, kuna hoja hairuki: gemu zenye namba, kama ya 7 au ya 10, ndizo zenye uzito, hizi nyingine za pembeni ni jina tu linalochumiwa pesa. Naikataa. Nimemaliza kurudia Final Fantasy Tactics, moja ya hizo za pembeni, na sioni yenye namba inayoizidi kwa hadithi.

Kwanza, namba yenyewe inathibitisha nini? Tangu Hironobu Sakaguchi auanzishe mfululizo mwaka 1987, karibu kila namba inakuja na dunia yake na watu wake. Unaweza kucheza ya 10 bila kujua lolote kuhusu ya 6. Wanaohama kutoka gemu hadi gemu ni chocobo (ndege wakubwa wa kupandwa), moogle (viumbe vidogo vyenye manyoya) na majina ya uchawi, na hao wote Tactics inao.

Sasa itazameni hiyo Tactics. Ilitoka 1997, mwaka uleule wa ya 7, chini ya mwongozaji Yasumi Matsuno. Ramza ni mtoto wa ukoo mkubwa. Delita amelelewa naye nyumba moja lakini hana nasaba. Dada yake Delita anashikwa mateka, na makabaila wanaona uhai wa binti wa watu wa chini haufai kuwachelewesha. Anapigwa mshale. Kuanzia hapo urafiki ule unagawanyika njia mbili: Delita anawatumia wakubwa mpaka anavaa taji, Ramza anapigania haki na historia inamwandika mzushi wa dini. Hakuna mwisho mtamu wa kuwapoza wachezaji. Na mapigano ni ya zamu, kila mpiganaji anangoja yake, uwanja wenye miinuko na mabonde, ukikosea pa kusimama umekwisha. Namba ya 16, mwaka 2023, iliachana kabisa na zamu.

Nakubali zipo za pembeni zilizoharibu. X-2 ya mwaka 2003, mwendelezo wa ya 10, inarudi kwa Yuna baada ya mpenzi wake Tidus kutoweka mwishoni mwa ya 10, na ukikamilisha mambo fulani unarudishiwa Tidus. Kwangu hapo machozi ya ya 10 yalipunguzwa thamani. Lakini Crisis Core ya 2007 nayo inarudi nyuma, kwenye dunia ya namba 7, na inafaulu, kwa sababu Zack, mhusika wake mkuu, tunajua kutoka ya 7 kwamba atakufa na hakuna anayejaribu kutuondolea kifo hicho.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: gemu mpya inaheshimu kilichokwisha kuamuliwa, au inakuja kukitengua? Rebirth ya 2024, inayosimulia upya sehemu ya ya 7, ina namba 7 kwenye jina, na ndiyo iliyokitia ukungu kifo cha Aerith, mhusika aliyekufa waziwazi katika ya 7 ya asili. Tactics ilipotolewa upya mwaka 2025 iliwekewa sauti za waigizaji, na toleo la asili likawekwa pembeni yake kwa anayelitaka.

Mnaotetea namba, nijibuni: kati ya hizo mbili, ipi imeulinda mfululizo?