Kikundi cha wanawake tunaotibiwa saratani ya matiti: kisimame juu ya nini?

Mkazi wa Pongwe

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima, wakubwa, shikamooni. Naomba ushauri juu ya kikundi chetu cha wanawake tunaotibiwa saratani ya matiti katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hatukukusudia kuunda kikundi. Wengi wetu tumetoka mikoani na tumefikia kwa ndugu huko Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, na tulifahamiana kwenye benchi tukisubiri majibu ya damu, kwa kuwa dripu ya dawa za saratani haitundikwi mpaka daktari aridhike kwamba chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili, zimepanda. Mwenye uji kwenye chupa alimgawia mwenzake, aliyezizoea taratibu akamwelekeza mgeni, na mwishowe tukafungua kundi la WhatsApp.

Msaada nilioupata humo sikuupata nyumbani, ingawa nyumbani wananipenda. Wifi yangu alilia alipoona nywele zinabaki kwenye kitana, na ikawa ni mimi wa kumbembeleza yeye. Wenzangu walikuwa wameshanieleza kwamba kwa ile dawa nyekundu ya dripu nywele huanza kung'oka wiki ya pili au ya tatu, wakanishauri nizinyoe mapema, na mmoja wao akaja na wembe na kanga yake akaninyoa uani. Walinieleza pia kwamba mkojo hubadilika kuwa mwekundu baada ya dripu kwa sababu ya rangi ya dawa, nisije nikadhani ni damu.

Sasa kikundi kimekua na mambo yametuzidi. Wapo wanaotaka tuanzishe kikoba ili tukopeshane. Wapo wanaoleta majani ya mstafeli na kuwashawishi wenzao waahirishe dripu. Lakini linaloniumiza zaidi ni kwamba mwenzetu mmoja, ambaye ugonjwa ulimrudia mfupani, tulikosa la kumwambia tangu alipotuarifu, na alipofariki kundi lilinyamaza kabisa, wengine wakajitoa bila kuaga. Naomba walio na uzoefu watueleze: kikundi cha namna hii kinasimamaje, na kisimame juu ya nini?

Muuguzi mstaafu, Moshi

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa maradhi. Nilifanya kazi katika wodi za upasuaji hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu upande wa dawa na mwili, na mengine nawaachia wanaoyaishi.

Saratani ya matiti si ugonjwa wa aina moja. Kinyama kinachopelekwa maabara hupimwa kama kina vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe ambazo homoni hushika na kuikuza saratani, na kama kina wingi wa protini iitwayo HER2, na majibu hayo ndiyo yanayoamua matibabu. Mwenye vipokezi vya homoni anaweza kuandikiwa vidonge vya tamoxifen, vinavyoizuia homoni hiyo, kwa miaka 5 au zaidi, na asiye navyo haandikiwi, kwa kuwa havitamfaa kitu. Nimewaona wanawake wakilia kwa kudhani wamenyimwa dawa anayopewa jirani wa kitanda cha pili, na nimewaona wengine wakigawana vidonge kwa upendo kabisa. Kwa hiyo wekeni sharti moja lisilovunjwa na yeyote, awe mwenyekiti au mgeni: hakuna kugawana dawa, na hakuna kumwambia mwenzako aache, apunguze wala aahirishe tiba. Anayetumia mstafeli, mlonge au mizizi ya aina yoyote asifokewe, maana akifokewa ataficha. Asindikizwe akamweleze daktari wake, kwani baadhi ya mitishamba hulielemea ini na mingine hubadilisha nguvu ya dawa za saratani mwilini.

Yapo mnayoweza kufundishana vizuri kuliko tunavyowafundisha sisi, kwa kuwa ninyi mnasikilizana. La kwanza ni homa. Chembe nyeupe huwa chini zaidi takribani kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na joto likifika nyuzi 38 katika muda huo mgonjwa anapaswa kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asimeze panadol akasubiri siku ya kliniki. Laiti kila mmoja wenu angekuwa na kipimajoto, na wawili wawili mkawa na ahadi ya kupigiana simu usiku, mngeokoa maisha ya mtu. Mwenye mafua asiende kumjulia hali mgonjwa, apige simu. Na nywele, binti yangu, zinyoeni kwa mashine safi badala ya wembe, kwa sababu kidonda kidogo cha kichwani ni mlango wa maambukizi wakati kinga imeshuka.

La pili ni mkono wa upande uliopasuliwa. Daktari akisharuhusu mazoezi, mgonjwa husimama akiuelekea ukuta, akapandisha vidole taratibu mpaka pale mshono unapoanza kuvuta, akaweka alama ya chaki, na kesho yake akajaribu kuipita. Wengi huacha kwa sababu ya maumivu, kisha bega hukakamaa, na mionzi inapoanza wanashindwa kuuinua mkono na kuutuliza juu ya kichwa kama inavyotakiwa. Wakiwa wawili hawaachi.

Nimalizie kwa jambo la ukweli. Wapo watakaowaambia kwamba kuwa katika kikundi huongeza miaka ya kuishi. Ni kweli kwamba mwaka 1989 David Spiegel na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoashiria hivyo kwa wanawake ambao saratani ilikuwa imeshasambaa, lakini utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2001, haukuiona nyongeza hiyo. Uliona kwamba walio katika vikundi walipungukiwa na dhiki ya moyo na maumivu, hasa wale waliokuwa wameelemewa zaidi tangu mwanzo. Kwangu mimi hilo ni kubwa la kutosha. Msimwahidi mtu miaka.

Binti wa Likoni

Assalaam alaykum dada wa Pongwe, na Mungu akuondolee maradhi. Mimi nilitibiwa hapa Mombasa, nikamaliza dripu na mionzi, na sasa niko kwenye vidonge. Chama chetu kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya hizo hizo pesa, basi nitakueleza tulivyofanya.

Msianze na mikopo. Mama aliye kwenye dripu hana nguvu za kwenda sokoni wala shambani, atalipa kwa nini? Akishindwa kulipa ataona haya mbele ya wenzake, na akiona haya atabadilisha siku ya kliniki ili asiwakute, au ataacha kuja kabisa. Mkopo uliokusudiwa kumsaidia utakuwa umemtoa kwenye matibabu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, liliweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu yao, na kwa niliyoyaona mimi, kinachowakatisha wengi njiani si kukosa moyo, ni nauli.

Kwa hiyo sisi tuna mfuko wa nauli peke yake. Kila mwenye uwezo huchanga anachoweza, asiye na uwezo hachangi wala haulizwi. Anayehitaji humwambia mweka hazina kwa siri. Mweka hazina na mwenzake mmoja ndio pekee wanaojua jina, na kila mwisho wa mwezi tunasomewa hesabu ya kilichoingia na kilichotoka bila kutajiwa ni nani aliyepewa. Siri hiyo ndiyo iliyotuokoa. Kabla yake, mama mzima alikuwa akiandika shida zake mbele ya watu wote ili apewe pesa ya matatu, na baadaye anasikia wanavyozungumza.

La pili lililotufaa ni kumpa kila mgeni mwenzi aliyekwisha kuipita njia hiyo hiyo. Wazo hilo lina umri. Mwaka 1952 huko New York mwanamke aitwaye Terese Lasser aliondolewa titi, akakosa wa kumjibu maswali yake ya kawaida kabisa juu ya mkono, nguo na ndoa, akaanza yeye mwenyewe kuwatembelea wanawake waliopasuliwa na kuzungumza nao hayo hayo. Mwaka 1969 Shirika la Saratani la Marekani likaichukua kazi yake, Reach to Recovery, na baadaye ikafika nchi nyingi. Mwenzi wetu hafanyi mambo makubwa. Hukaa na mgeni siku ya dripu ya kwanza, humkumbusha kunywa maji, na humwonyesha namna ya kushona titi la kitambaa: kipande cha pamba laini kinachokatwa kwa kufuata kikombe cha sidiria, kikajazwa sufi, na katikati kikawekwa kijifuko cha mtama ili kiwe na uzito na sidiria isipande upande mmoja. Kijifuko hicho kitolewe kabla ya kufua, kwa maana mtama ukilowa huota ukungu. Siku mgonjwa anapovaa buibui au gauni lake na kujiona amekaa sawa mbele ya kioo, utaona anavyorudi kuzungumza na watu.

Mama wa Kirumba

Mimi ndiye yule mnayekosa la kumwambia. Saratani yangu ilirudi, iko kwenye uti wa mgongo na nyonga, na natibiwa hapa Mwanza. Nimesoma yote yaliyoandikwa juu na ninayakubali, lakini naona kikundi kitapimwa hapa kwangu kuliko kwenye nauli.

Nilipowaarifu wenzangu kwamba ugonjwa umerudi, nilijibiwa kwa maombi mengi, na mimi ni mwamini, niliitikia amina kwa yote. Hakuna aliyeniuliza panauma wapi. Tangu hapo simu zilipungua. Mwezi wa Oktoba, ule wa kuhamasisha juu ya saratani ya matiti, walishona kanga za waridi, wakapiga picha za waliomaliza matibabu, wakapiga makofi, nami sikuitwa. Nadhani waliona kuniita ni kuniumiza. Sikuwalaumu, maana anayeniona mimi anaona kile anachoomba kisimpate. Hata hivyo, mtu ambaye matibabu yake hayana mwisho anahitaji wenzake kuliko yule anayehesabu dripu zilizobaki, na kikundi kinachowajua waliomaliza tu kitampoteza mwanachama wake siku anapokihitaji zaidi.

Dada wa Pongwe, umeuliza la kusema. Uliza maswali ya kawaida: umelalaje, dawa ya maumivu inakutosha, watoto wamefungua shule. Kama mgonjwa anataka kuzungumzia kifo mwache azungumze, usimkatize kwa kumwambia asikate tamaa, kwa sababu anayepanga hajakata tamaa. Nilikuwa na mambo matatu yakininyima usingizi: nani atabaki na binti yangu mdogo, hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, na kama nitakufa kwa maumivu. Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwa msomi wala kiongozi wa kikundi, alikaa nami jioni nzima tukaandika wosia, kesho yake akanisindikiza kwa wakili. Yeye ndiye aliyenipeleka pia kwenye kitengo cha tiba shufaa, yaani cha kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, nilipokuwa nikiogopa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa kuambiwa kwamba anayeinywa amekwisha. Sikuwa nimekwisha. Niliinywa, nikalala, nikaamka nikasonga ugali wangu mwenyewe.

Kuhusu msiba, kubalianeni mapema, msisubiri utokee. Sisi tulipatana kwamba habari ya kifo haiandikwi kundini kwanza. Wawili walioteuliwa huwapigia simu wenzao mmoja mmoja, na kabla ya kupiga huangalia nani yuko kwenye dripu siku hiyo, asije akaisoma akiwa kwenye kiti na sindano mkononi. Anayeshindwa kwenda mazikoni hadaiwi sababu. Anayetaka kukaa kando mwezi mmoja husema, na akirudi hupokelewa bila kuulizwa. Jina la marehemu linabaki kwenye orodha yetu.

Mume wa mgonjwa, Dodoma

Samahani kwa kuingia kwenye mazungumzo ya akina mama. Naomba kikundi kitukumbuke na sisi angalau kwa kikao kimoja. Mke wangu alipoondolewa titi nilijua kulipa na kuendesha gari, sikujua kama ninaruhusiwa kulitazama kovu, naye alidhani ninalikimbia. Tuliishi hivyo kwa muda mrefu mpaka mama mmoja wa kikundi chao aliponiita pembeni akanieleza. Tena wapo wanaume wanaougua ugonjwa huu wenyewe, takribani mmoja katika kila wagonjwa mia, na sijui wanazungumza na nani.

Mkazi wa Pongwe

Nawashukuru sana nyote. Juu ya kikoba nimeshaelewa, na nitawaomba wenzangu tuanze na mfuko wa nauli kwa siri kama alivyoeleza dada wa Likoni. Sharti la dawa nitaliandika liwe la kwanza kwa kila anayejiunga, na tutachanga tununue vipimajoto. Yupo mwenzetu mwingine ambaye wiki hii ameambiwa kwamba saratani imefika kwenye ini, na bado hajawaambia watu wa nyumbani. Mama wa Kirumba, nakuomba kwa unyenyekevu: ungekubali azungumze nawe kwa simu?

Mama wa Kirumba

Nimekubali. Apige baada ya saa tatu asubuhi, wakati dawa yangu ya maumivu imeshakolea na ninaweza kukaa. Mwambie asijilazimishe kuwaambia nyumbani kabla hajawa tayari, ila aje na jina la mtu mmoja anayemwamini huko, tuanzie kwa huyo.