Mwongozo wa akili mnemba kwenye tasnifu: kigunduzi kikitoa asilimia, tuifanyie nini?

Mratibu_T
Wakuu, salaam. Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoanza tasnifu. Kupiga marufuku hakutekelezeki, na kuruhusu holela ni kuiua tasnifu yenyewe. Nakwama sehemu tatu: marejeo ya kubuni yakamatwe vipi bila msimamizi kukesha, ripoti ya kigunduzi (programu inayokisia kama maandishi ni ya akili mnemba) ipewe uzito gani (wapo wanaotaka 20% iwe kikomo cha kufeli), na tamko la mwanafunzi liseme nini hasa. Wanafunzi 140, wasimamizi 11.

Rafu_ya_Tatu
Anza na marejeo, maana huko ndiko kwenye ushahidi usiobishika. Rejeo la kubuni halina sura ya uongo. Mwandishi ni mtu halisi wa fani hiyo, jarida lipo, juzuu lipo. Kisichokuwepo ni makala. Modeli ya akili mnemba haichoti kabatini, inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na orodha ya marejeo ina mpangilio rahisi mno kuigwa.

Msimamizi asikague marejeo yote, tuseme 60. Achague 5 yanayobeba hoja za sura ya pili. Namba ya DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, huanza na 10.) aibandike baada ya doi.org/ kisha afungue. Ikifunguka asishangilie bado, asome kichwa kilichotokea. Namba inaweza kuwa ya kweli lakini ya makala nyingine kabisa: mwanafunzi anaandika kuhusu vikoba, ukurasa unafunguka kwenye magonjwa ya samaki. Pasipo na DOI, aingie tovuti ya jarida, afungue toleo lililotajwa na kutazama kurasa. Makala ya uk. 45–61 haiwezi kuwepo ikiwa toleo hilohilo lina nyingine ya uk. 38–57.

Kuonekana kwenye Google Scholar (injini ya kutafutia machapisho ya kitaaluma) si ushahidi. Ingizo lisilo na kiungo linaweza kuwa limezaliwa na watu waliolinukuu rejeo hilohilo la uongo. Kukosa DOI nako si kosa: matoleo mengi ya zamani ya majarida yetu ya Kiswahili yako rafuni tu. Hapo mwanafunzi alete picha ya ukurasa wa kwanza wa makala.

Na mtambo usiulizwe kama rejeo ni la kweli. Katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, New York, 2023, wakili aliiuliza ChatGPT kama kesi ilizompa zipo, ikamjibu zipo. Hazikuwepo. Faini ilikuwa dola 5,000.

Takwimu_Tupu
Hiyo 20% iondoe kabisa. Asilimia ya kigunduzi ni makisio ya mtambo kuhusu mtambo mwingine. Haifanani na asilimia ya mfanano (ya programu za kukamata kunakili kazi za wengine), ambayo angalau inakuonesha chanzo ukalinganisha mstari kwa mstari. OpenAI wenyewe walitoa kigunduzi Januari 2023 wakakifunga Julai mwaka huohuo kwa kukosa usahihi. Kwa takwimu zao, kilinasa 26% tu ya maandishi ya mtambo, na kilisingizia 9% ya yale yaliyoandikwa na watu. Weka kiwango hicho cha 9% kwenye tasnifu zako 140, zote ziwe zimeandikwa na wanafunzi wenyewe: unaita kwenye kamati watu 12 au 13 wasio na hatia.

Wanaoumia zaidi ni wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walipitisha insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo) kwenye vigunduzi 7. Kwa wastani zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mtambo. Msamiati mwepesi na sentensi zinazotabirika ndivyo vigunduzi vinavyovishuku, na ndivyo mwanafunzi wetu anavyoandika. Kwa tasnifu ya Kiswahili, soma kwanza lugha ambazo kigunduzi chenyewe kinadai kuzimudu.

Namba ikiwa kubwa, muite mwanafunzi kwa dakika 10. Afungue historia ya matoleo ya faili lake (kumbukumbu ya jinsi lilivyoandikwa hatua kwa hatua), kisha aeleze kwa nini alichagua sampuli ile.

Mzee_wa_Dodoso
Takwimu_Tupu, historia ya matoleo nayo ina tundu. Anayenakili polepole kutoka skrini nyingine ataonekana msafi, na aliyeandika daftarini kisha akachapa kwa siku moja ataonekana mwizi. Mimi naamini zaidi hayo maswali ya mdomo.

Mratibu, umesahau data. Mahojiano yasibandikwe kwenye mtambo wa bure. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019. Kufuta jina hakutoshi: “muuguzi pekee wa zahanati ya kijiji X” anajulikana na kijiji kizima. Tumia misimbo kama M01, M02 badala ya majina, badilisha na cheo na mahali, na orodha ya kufungulia misimbo ikae faili jingine lenye nywila. Kama fomu ya ridhaa haikutaja mtambo wa nje, basi ridhaa hiyo haipo.

Na tafsiri ya dodoso iliyofanywa na mtambo isomwe na mtu. Kwenye kipimo cha ngazi 5 “strongly agree” unaweza kuletewa “nakubali kwa nguvu”. Mhojiwa wa sokoni atakuuliza nguvu zipi. Andika “nakubali kabisa”.

Kalamu_Nyekundu
Tamko: jina la mtambo na toleo, tarehe, sehemu, kazi iliyofanyika, na kazi ambayo haikufanyika. Mfano:

“Nimetumia ChatGPT (toleo …), 3–7 Machi, kusahihisha sarufi ya Kiingereza katika sura ya 1 na ya 2. Sikuitumia kutafuta marejeo, kuandika mapitio ya machapisho wala kuchambua data. Mazungumzo yote yako Kiambatisho D.”

“Nilisaidiwa na akili mnemba” usilipokee, halikaguliki. Hicho kiambatisho ndicho chenye kazi: kikionesha agizo “niandikie hitimisho”, tamko na ukweli vimegongana, na huhitaji kigunduzi.

Mratibu_T
Nimewasoma wakuu, 20% inaondoka. Na wanaoandikia kwenye simu, hawana laptopu, wataoneshaje hatua za kuandika?

Kalamu_Nyekundu
Wamtumie msimamizi rasimu kwa baruapepe kila Ijumaa, faili liitwe kwa tarehe: Sura2_0703, Sura2_1403. Hata ukurasa mmoja unatosha. Wiki ikiruka, msimamizi aulize wiki hiyohiyo, asisubiri mwezi wa kukusanya.