Magunia 11 ya vizibo stoo kwangu: huyu mzee wa Ghana yupo kweli?

MamaBaa_Busia

Hamjambo wote. Nina kabaa kadogo hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni. Mtoto wa kaka yangu anaishi kwangu, ana miaka 23, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mkono wake msafi, wateja wanamtafuta. Tangu mwaka jana anaokota vizibo. Mwanzoni nilidhani ananisaidia usafi, hata nikamshukuru. Sasa stoo ina magunia 11, panya wamehamia na watoto wao, kreti za soda nimezitoa koridoni, na juzi mteja kajikwaa akamwaga bia ya mwenzake. Nililipa mimi.

Nikamwita. Akatoa simu akanionyesha picha: kitu chekundu kama tanga la jahazi, kinaning'inia ndani ya jumba huko London, watu chini yake wadogo kabisa. "Shangazi, hivyo vyote ni vizibo." Anasema aliyekifanya ni mzee wa Ghana, El Anatsui, na yeye mwezi ujao anaacha kuchomelea afuate njia hiyo hiyo.

Naomba mnisaidie. Huyo mzee yupo? Na kabla vizibo havijamlisha, alikuwa anakula nini? Mtoto sitaki kumvunja moyo, lakini kodi ya stoo nalipa mimi.

Turnboy_Malaba

Mama, magunia 11 wapelekee watu wa skrepa, ununue mbuzi. Huyo kijana akianza kukunja vizibo nani atanitengenezea geti?

Mwalimu_Mstaafu_Tororo

Wewe wa mbuzi ngoja kwanza.

Mama, nimefundisha uchoraji na ufinyanzi sekondari miaka mingi, na habari za mzee huyu nimezifuatilia. Yupo. Kazaliwa 1944 Anyako, Ghana, akasomea uchongaji Kumasi. Kijana wako kaona picha, lakini picha haionyeshi miaka, na kwa mtu huyu miaka ndiyo habari yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwalimu Winneba, huko huko Ghana. Alichukua zile sinia za mbao ambazo akina mama wa sokoni hupangia bidhaa, akazichora alama kwa chuma cha moto. 1975 akahamia Nigeria kufundisha Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akakaa hapo zaidi ya miaka 30. Umeuliza alikuwa anakula nini: mshahara wa mwalimu. Akaingia kwenye udongo, akatengeneza vyungu vilivyovunjika kwa makusudi. Akarudi kwenye mbao, mara hii kwa msumeno wa mashine, anakata na kuunguza. 1990 kazi zake zikaonyeshwa Venice, Italia, kwenye yale maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili. Vizibo bado kabisa.

Vilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Aliukuta mfuko umetupwa kichakani karibu na Nsukka, akaubeba mpaka karakana, ukakaa hapo miezi hajui aufanyie nini. Mtu kashapita miaka 50, jina analo, na bado anautazama mfuko wa takataka bila jibu! Mimi hapo ndipo ninapompendea.

2007 akafunika uso wa jumba la Fortuny huko Venice kwa hivyo vifuniko. 2015 akapewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho hayo ya Venice, kwa kazi ya maisha yake yote. Alichokiona kijana wako ni kazi ya ukumbi mkubwa wa Tate Modern, jumba la sanaa la London, iliyofunguliwa Oktoba 2023 na kukaa mpaka Aprili 2024. Mzee alikuwa na miaka 79.

Sasa Mama, kafungue gunia. Chukua kizibo kimoja cha soda au bia, kile chenye meno. Halafu chukua kifuniko cha chupa ya pombe kali, kile cha kuzungusha. Vipige nyundo vyote viwili, kisha vikunje kwa vidole. Mzee hutumia hicho cha pili, pamoja na ile pete inayobaki shingoni mwa chupa. Ni alumini, inakubali kulazwa, kusokotwa, kukatwa vipande na kutobolewa. Cha soda ni chuma, kinabisha halafu kinapata kutu. Nina wasiwasi kijana kaokota kinyume.

La pili, na hili umwambie wewe kwa sababu kalelewa na moto: hakuna kuchomelea pale. Vipande hufungwa kimoja kimoja kwa waya mwembamba wa shaba, ndiyo maana ukuta mzima unakunjwa kama shuka, unasafirishwa, na ukifika wanaoutundika wanaruhusiwa kuupa mikunjo yao. Leo una mbonyeo huku, kesho kule, na mzee hana ugomvi. Fundi wa mageti atalikubali hilo? Geti likipinda mteja halipi!

Watu wengi wakiziona kazi hizo husema ni kente, kile kitambaa cha kufumwa cha Ghana, na kweli Waewe, kabila lake, ni wafumaji. Lakini kuna na kinywaji chenyewe. Pombe kali ilifika pwani ile na meli za Wazungu, ikabadilishwa kwa bidhaa, na kwa watu pia. Hajakusanya vifuniko kwa sababu vinang'aa tu. Swali langu kwa kijana ni hilo: vizibo vya Busia vimetoka wapi, vimevuka mpaka kwa njia gani? Akinijibu, nitapanda matatu nije nimwone.

Msusi_Gulu

Mwalimu umesema vizuri, ila umeruka mikono. Mzee hakai peke yake akifunga waya. Pale Nsukka kuna vijana wengi, kila mmoja anafunga kipande chake, yeye anaviunganisha na kuamua. Mwulize mpwa wako, Mama, nani atamfungia na atamlipa nini.

Mimi nasuka mikeka na vikapu. Aliwahi kuja mtu kutuagizia vipande 40 akisema ni vya maonyesho. Tulisuka wiki tano. Hela ilifika nusu, baada ya miezi minne, na nusu nyingine hadi leo naisikia kwenye simu tu.

Na asidhani njia ipo Ghana peke yake. Uganda ilipoweka banda lake la kwanza kwenye maonyesho hayo ya Venice, 2022, msanii wetu Acaye Kerunen alipeleka kazi za migomba, ukindu na matete zilizopitia mikononi mwa wasusi wanawake, yeye akazifumua na kuziunganisha upya. Banda likatajwa kwa heshima. Na mzee Sanaa Gateja, wa Kisoro, anashona shanga za karatasi kuukuu juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Karatasi na gome la mutuba, vitu tunavyovikanyaga.

MamaBaa_Busia

Asanteni, hasa Mwalimu. Jana jioni baa ikiwa na watu nane nikaomba nyundo. Kizibo cha soda kiliruka kikampiga mzee mmoja kwenye glasi, wote wakacheka. Cha pombe kali kikalala kama jani. Kijana alikuwa mlangoni anatazama, hakusema neno.

Usiku kucha nikasikia stoo inalia kwacha kwacha. Asubuhi nimekuta ameyapanga: ya meno magunia tisa na nusu, ya alumini gunia moja na nusu. Hayo tisa na nusu leo yanakwenda kwa watu wa skrepa, hela nusu kwa nusu, na kodi ya mwezi naikata kwenye fungu lake. Wewe Turnboy, geti lako bado lipo, kasema Jumamosi atamaliza.

Kuhusu mpaka, Mwalimu, nilimwuliza swali lako. Akaniletea vifuniko viwili vya kinywaji kimoja, rangi tofauti: kimoja cha huku, kingine cha upande wa Kenya. Anasema kwenye gunia lake vya upande wa pili ni vingi kuliko vya kwetu, na baa hii mimi nanunua huku tu kwa risiti. Sasa nataka kujua ni nani anakunywa kwangu chupa alizokuja nazo mfukoni.