Miche imebanana

Kitindamimba: Shikamooni wote. [Picha] Shangazi, mirehani yangu imebanana kama meno ya chanuo. Nihamishe au nisubiri?

Shangazi: Marahaba. Ulimwaga pakiti nzima ya mbegu, eh?

Kitindamimba: 🙈 Niliona ni vumbi tu, nikajua hazitaota zote.

Mjomba: Zimekuumbua 😂

Shangazi: Ina majani mangapi? Yale mawili ya kwanza usiyahesabu, hayo ni ya mbegu.

Kitindamimba: Mingi ina manne.

Shangazi: Basi iko tayari. Mwagilia sasa, uhamishe jioni jua likishapoa. Usivute mmoja mmoja! Toa bonge zima, liloweke kwenye beseni la maji. Udongo ukilegea mizizi inaachana yenyewe.

Dada Mkubwa: Na ushike jani, siyo shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likiminywa ndiyo basi. Mimi mwaka jana niliua miche kumi na mbili nikadhani ni ugonjwa.

Mjomba: Ugonjwa wa vidole

Kitindamimba: Niipe nafasi gani?

Shangazi: Sentimita 20 hivi. Utajiona mjinga, kamche kadogo uwanja mkubwa. Vumilia. Fukia shina mpaka karibu na yale majani ya kwanza, lisiyumbe.

Kitindamimba: Giligilani nayo hivyohivyo?

Shangazi: WEWE ACHA HIYO

Kitindamimba: Nimeshang'oa mitano 😬

Shangazi: [Ujumbe wa sauti, 2:14]

Dada Mkubwa: Kwa wasio na muda: giligilani ina mzizi mmoja mrefu ulioshuka wima. Ukiukata, mmea unashtuka, unakimbilia kutoa maua na majani unayakosa. Kwa hiyo haihamishwi. Chukua mkasi, kata ya ziada usawa wa udongo. Ukiing'oa unatikisa na jirani zake. Matusi nimeyaruka.

Shangazi: Sikutukana. Na ukiona imeota pacha usishangae, punje moja ina mbegu mbili ndani.

Kitindamimba: Kuikata ikiwa hai naionea huruma.

Mjomba: Itafune halafu uihurumie.

*Kesho yake, saa 4 asubuhi*

Kitindamimba: [Picha] Mirehani yote imelala!!! Nimeiua!

Shangazi: Umeiweka wapi?

Kitindamimba: Nje, juani, ipate nguvu.

Shangazi: Kivulini, sasa hivi! Siku tatu nne, ndipo uizoeshe jua kidogo kidogo.

*Saa 12 jioni*

Kitindamimba: Imeinuka 😭 Asante Shangazi.

Mjomba: Na ile mitano ya giligilani?

Kitindamimba: Minne imekufa. Mmoja bado unajifikiria.