Ninja Turtles kwa PS4: Wrath of the Mutants, Shredder's Revenge au Cowabunga Collection?

KobeWaBweyogerere

Salaam wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Mimi ni wa kizazi cha Ninja Turtles ya Nickelodeon, ile katuni ya ndugu wanne kobe iliyoanza 2012. Nyumbani tuliikariri hadi tukagawana majina. Mimi Donatello, mdogo wangu wa kike Raphael kwa sababu ya hasira zake, pacha wawili wakagombania Michelangelo. Sasa wote wanarudi likizo na nataka gemu moja itakayotuweka wanne mbele ya runinga moja.

Wazo la kwanza lilikuwa Wrath of the Mutants, iliyotoka Aprili 2024, maana imetokana na katuni yetu kabisa, na sauti ni zile zile. Bahati nzuri binamu yangu wa Mukono anayo, tukaijaribu huko. Jamani, inauma. Tulianza baada ya chakula cha mchana, na chai ya jioni haijaiva tulishamaliza kila kitu. Hatua sita tu! Maadui wanaotokea hatua ya kwanza unawakuta tena ya tatu na ya tano, wanaingia kwa mtindo ule ule, wanaanguka kwa mtindo ule ule. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kobe wote wanne wanapigana karibu sawa. Kwenye katuni Donatello ana fimbo ndefu, anapiga kwa mbali na anafikiri kwanza. Raphael anajitosa katikati ya watu. Humu ukimfumba mtu macho ukampa pedi, hawezi kujua ameshika nani.

Ilipotoka iliuzwa dola 30, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu. Naona ni nyingi kwa mchana mmoja. Je, kati ya Shredder's Revenge, Cowabunga Collection na Mutants in Manhattan, ipi inafaa?

MamaTausi_Jinja

Mwanangu, chukua Shredder's Revenge usilale nayo kichwani. Nina chumba cha gemu hapa Jinja, watoto wananilipa kwa mchezo, na chumba changu kinaniambia ukweli kuliko matangazo.

Kuhusu Wrath of the Mutants, jua ilikotoka. Haikuzaliwa kuwa gemu ya nyumbani. Raw Thrills waliitengeneza 2017 kama mashine ya kusimama, zile za kwenye kumbi za michezo ambazo unatumbukiza sarafu. Mashine ya namna hiyo inataka mtu apige kelele dakika chache, atumbukize nyingine, ampishe mwenzake. Hapo haina haja ya hatua nyingi wala mapigo mengi. Ilipoletwa nyumbani waliongeza hatua tatu juu ya zile tatu za mwanzo, basi. Ukikaa nayo kwenye kochi huku hulipi sarafu yoyote, unaona haraka kwamba hakuna kitu cha kujifunza.

Shredder's Revenge (Juni 2022, Tribute Games) nayo ni ya kwenda mbele na kupiga tu, lakini ina hatua 16, na wahusika saba: kobe wanne, mwalimu wao Splinter na rafiki yao April tangu mwanzo, na Casey Jones ukishamaliza hadithi. Splinter ana nguvu ila ni mzito. April ni mwepesi. Watoto wangu hapa wanagombana nani achukue nani, na ugomvi huo ndio unaoonyesha kwamba wahusika wanatofautiana kweli.

Nikupe mfano mmoja. Mwenzako akianguka, anaanza kuhesabiwa kurudi nyuma. Unamkimbilia, unashikilia kitufe, kobe wako anamning'inizia kipande cha piza puani hadi aamke. Wakati huo wewe huwezi kupiga. Kwa hiyo wengine wawili lazima wakuzungukie wawazuie maadui. Hakuna aliyewafundisha watoto hilo. Nimewasikia wenyewe wakipigiana kelele, "Mkinge! Mkinge anatoa piza!" Ndiyo katuni hiyo, mwanangu. Ndugu wanne wanaokingana.

FundiPedi_Arua

Naunga mkono Mama. Mutants in Manhattan niiongelee mimi, maana watu wengi wanavutwa na jalada lake.

Ilitoka Mei 2016, kazi ya PlatinumGames, watu walewale wa Transformers: Devastation ya 2015. Kwa kupigana, ukishika pedi peke yako, ni tamu kuliko Wrath. Unakwepa, unaunganisha mapigo, unawabadilisha kobe katikati ya vita. Lakini sikiliza vizuri: kucheza watu wanne ni kwa intaneti pekee. Hakuna watu wawili kwenye runinga moja, achilia mbali wanne. Gemu ya ndugu wanne wa damu, na kila ndugu anatakiwa awe na mashine yake, diski yake na bando lake. Kwa Uganda, ambako bando lenyewe lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, nani ataweza?

La pili, iliondolewa madukani mtandaoni Januari 2017, hata mwaka haukutimia. Kampuni ya gemu hukodi haki za katuni kwa muda, mkataba ukiisha hairuhusiwi kuuza tena. Transformers: Devastation na The Legend of Korra, zote za Platinum, ziliondoka hivyo hivyo mwishoni mwa 2017. Devastation angalau ilikuwa na diski, bado unaweza kuipata kwa mtu. Korra ilikuwa ya kupakua tu, basi imekwenda. Ndiyo maana kwa gemu yoyote ya katuni mimi nasema tafuta diski. Diski haisikilizi mkataba wa mtu.

KobeWaBweyogerere

Fundi, hilo la intaneti pekee sikulijua, asante sana. Mutants in Manhattan naifuta kwenye orodha. Vipi Cowabunga?

Afande_Mstaafu

Hapo niachieni mimi.

Cowabunga Collection ni gemu 13 za zamani za Konami kwenye diski moja, ilitoka Agosti 2022. Ninyi vijana mna katuni ya 2012, sisi tulikuwa na ile ya 1987. Gemu ya kwanza ya nyumbani ilitoka 1989, na nasema bila kuficha kwamba ndiyo iliyotuvunja moyo kuliko zote. Katuni ilikuwa ya vicheko na piza. Ukawasha gemu, ukakuta mateso. Hatua ya pili unazama chini ya bwawa kutegua mabomu manane kwa dakika mbili na sekunde 20. Njiani kuna mwani wenye umeme, na kuna kijia kimoja chembamba ambamo mwani uko juu na chini, mkondo unakusukuma, ukigusa tu damu inashuka. Tulikuwa tunamwingiza Donatello kwenye nchi kavu kwa sababu ya fimbo yake ndefu, majini tunaingiza yule tusiyemhitaji. Wengi mtaani kwetu hawakuwahi kuona hatua ya tatu.

Na ajabu ni kwamba mwaka huohuo 1989 Konami haohao walitoa ile ya mashine ya kusimama, ya watu wanne, na ilikuwa raha tupu. Baadaye wakaja na Turtles in Time. Zote mbili zimo ndani ya Cowabunga, na kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Ukigusa mwani unarudi sekunde chache unajaribu tena. Nilivuka bwawa lile nikiwa na wajukuu wamenizunguka, nikasimama kabisa.

Kwa hiyo mwanangu, kama unataka historia, Cowabunga. Kama unataka vijana wa leo wafurahi kuanzia dakika ya kwanza, Shredder's Revenge, ambayo imechukua mwendo wa Turtles in Time ikaurekebisha. Hata waigizaji wanne wa sauti za kobe wa 1987 waliitwa tena.

Bint_Mbale

Shikamoo Afande. Mimi naomba niitetee kidogo Wrath of the Mutants, maana naona imepigwa kila upande.

Mwanangu ana miaka sita. Shredder's Revenge ikichangamka, skrini inajaa, anapotea haoni kobe wake yuko wapi. Wrath kila kitu ni kikubwa, vitufe ni vichache, akibonyeza anaona jambo. Anamaliza hatua kabla hajachoka, anakwenda kulala. Na jambo ambalo hamlisemi: Shredder's Revenge ni ya katuni ya wazee wetu. Mtoto aliyekua na ile ya 2012 anakuta sura nyingine, sauti nyingine, rangi nyingine. Kobe amesema ni kizazi cha Nickelodeon. Je, hatasikia pengo?

Bei ndiyo nakubaliana nanyi. Mimi niliipata ya mkononi kwa bei ya chini sana. Kwa bei ya mwanzo nisingeigusa.

MamaTausi_Jinja

Bint, kwa mtoto wa miaka sita uko sahihi. Ila Shredder's Revenge ina kiwango chepesi, na pale kwangu mdogo tunampa Splinter, mkubwa anatembea mbele yake. Pengo la katuni lipo, silikatai.

Kijana_Mpondwe

Wakubwa, sisi wa huku mpakani wengi hatuna PS4, tuna simu na PS2 za kaka zetu. Lakini jambo hili nimeliona kwenye katuni yangu pia, Ben 10, ya mvulana mwenye saa inayomgeuza kuwa viumbe mbalimbali.

Protector of Earth ya 2007 bado tunaicheza hadi leo kwenye simu kwa programu ya PPSSPP. Kwenye PS2 wawili mnacheza pamoja. Unavyoendelea unafungua viumbe vipya, na kila kiumbe ana kazi. Four Arms anainua vizito, Heatblast anachoma, XLR8 anakimbia. Unafika mahali unajiuliza, hapa Ben angegeuka nani? Saa ya Ben inakuwa mkononi mwako kweli. Kisha 2017 wakatoa Ben 10 mpya kwenye PS4, ya kucheza peke yako, hatua chache, imeisha. Nilicheza kwa rafiki Kasese nikarudi kwenye simu yangu. Picha za 2007 ni mbovu ukilinganisha, na bado ndiyo tunayorudia.

Na Avatar: Quest for Balance ya 2023 msiiguse. Ile katuni ina vipindi 61 vya watu kutawala maji, moto, ardhi na upepo, na gemu inakusukumisha mawe kwenye vyumba. Hadithi unasimuliwa kwa maneno juu ya picha zilizosimama. Aang, shujaa wake, anapoingia vitani unabonyeza kitufe kilekile tena na tena. Nilitaka nipige upepo kama yeye. Sikuupata.

FundiPedi_Arua

Kijana umenena. Korra niliyoitaja juu, ambayo ni ya ulimwengu uleule wa Avatar, pamoja na ufupi wake, vipengele vyote vinne vilikuwa na mapigo yake. Maji yalipiga kwa mbali, ardhi ilikuwa nzito na polepole. Avatar wenyewe, waliofuata miaka tisa baadaye, hawakufika hapo.

KobeWaBweyogerere

Nimeamua. Shredder's Revenge ya diski. Bint, pengo umelitaja sawa, nami nitalisikia, maana Donatello wangu ni yule mwenye mwanya kwenye meno. Lakini kwenye Shredder's Revenge Donatello anafika mbali kwa fimbo na Raphael anapigana karibu kwa silaha zake fupi, na dada yangu atamtambua Raphael hata kama sura imebadilika. Wrath ilikuwa na sura zetu bila tabia zetu.

Mama, swali la mwisho: yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikikatika katikati?

MamaTausi_Jinja

Chezeni ile ya hadithi, yenye ramani ya mji. Inajihifadhi kila mnapomaliza hatua, na hatua moja haichukui muda. Ile nyingine ya mtindo wa mashine ya kusimama haihifadhi kitu, umeme ukienda mnaanza moja. Hiyo iwekeni siku mliyojaza yaka ya kutosha.

Na pedi ya nne mpelekee Fundi aitazame mapema. Zikikaa na vumbi, kobe anatembea mwenyewe hujagusa.

FundiPedi_Arua

Aniletee ya pili pia. Ya pili huwa inaficha ugonjwa.