Kusimamishwa kazi kwa nusu mshahara nchini Kenya: je, kuna kikomo?

Mnunuzi_Serikalini
Nilikuwa afisa wa ununuzi katika idara moja ya serikali hadi niliposhtakiwa kwa ufisadi, na tangu hapo ninalipwa nusu mshahara. Miezi 24 imekwisha, ilhali kesi inaahirishwa kila mara. Je, ninaweza kudai kurejeshwa kazini kwa kuwa muda umepita?

Karani wa Mahakama
Kifungu cha 62 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinaagiza kwamba mtumishi wa umma aliyeshtakiwa asimamishwe kazi kwa nusu mshahara kuanzia tarehe ya mashtaka hadi kesi ikamilike, kisha kinaweka sharti kwamba kesi yenyewe iamuliwe katika miezi 24. Sharti hilo linaihusu kesi. Halitamki kwamba miezi hiyo ikipita, kusimamishwa nako kunakoma. Kwa hivyo usijipeleke ofisini ukidhani mlango uko wazi.

Omba kwanza nakala ya mwenendo wa kesi, uangalie kila tarehe ni nani aliyeomba kuahirisha. Ikiwa ni upande wa mashtaka usioleta mashahidi, una hoja nzito. Ikiwa ni wakili wako (na hili hutokea mara nyingi kuliko washtakiwa wanavyopenda kukiri), hoja hiyo inafifia. Ndipo umwandikie mwajiri ukimtaka aupitie upya uamuzi wake, ukitegemea haki za Katiba kuhusu ajira na uamuzi wa kiutawala, yaani Kifungu cha 41 na cha 47. Akikataa, itakubidi uende Mahakama ya Ajira na Leba.

Mdau wa Utumishi
Barua yako ya kusimamishwa kazi inataja kifungu gani? Kifungu cha 62 hakimzuii mwajiri kutumia sheria nyingine kukusimamisha bila mshahara au kukufuta kazi, na watu wengi huzichanganya njia hizi mbili.

Mnunuzi_Serikalini
Inataja cha 62 pekee, na sijawahi kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Mdau wa Utumishi
Basi hatima yako inafuata kesi. Ukiachiliwa huru au mashtaka yakiondolewa, kusimamishwa kunakoma. Ukipatikana na hatia, Kifungu cha 63 kinakuondolea hata hiyo nusu wakati rufaa inaposubiriwa, na muda wa kukata rufaa ukipita bila wewe kukata rufaa, au hukumu ikidumishwa kwenye rufaa, unafutwa kazi.