Uliyewahi kula mgahawa wa Waafghani, njoo tupeane uzoefu

MzigoWaKariakoo

Wakuu habari za jioni. Sisi tunaokwenda Dubai kufuata mzigo wengi tunalala Deira, na ukizunguka mitaa ya Naif ni lazima upite mlango wa mgahawa wa Waafghani. Meza zina plastiki, taa ni kali, na mlangoni kuna jiko la mkaa na mtu anayepepea. Mimi ndiko ninakokula nikimaliza kufunga mizigo, na chakula kile nakiheshimu sana. Kinachonisikitisha ni kwamba wenzetu wengi wanaingia, wanaonyesha wali kwa kidole, wanakula haraka na kuondoka. Wameacha vizuri vingi nyuma.

Naomba kila aliyekula, popote alipo, aseme aliagiza nini na kilikuwaje. Naanza mimi.

Agiza mishkaki ya kondoo. Kijiti chao ni chuma bapa, na kati ya vipande vya nyama wanachomeka kipande cha mafuta ya mkia. Kondoo wao ni wa mkia mnene, kama tulivyozoea kwa kondoo wa Kimasai. Viungo ni chumvi, basi. Mafuta yakianza kuyeyuka yanadondokea mkaa, moshi unapanda na kuivisha nyama, na kile kipande cheupe kinakuwa cha dhahabu pembeni, laini ndani. Mhudumu anakuletea juu ya mkate mrefu wa tanuri. Unakata kipande cha mkate, unashika nacho nyama, unavuta chuma. Mkate ule wa chini uliolowa mafuta usiuache mezani, jamani. Kwangu mimi ndio sehemu bora ya sahani nzima.

DerevaWaSharjah

Mkuu umenena. Mimi naendesha gari huku na naongeza karahi. Inauzwa kwa uzito, nusu kilo au kilo, na wanaanza kuipika ukishaagiza, kwa hiyo usiende na haraka. Nyama ya kondoo, nyanya, pilipili mbichi, na mafuta yaleyale ya mkia. Inakuja kwenye kikaango chake cha chuma bado inachemka, na mnakula humohumo kwa mkate. Sahani za pembeni hazina kazi.

Kwa wageni: migahawa mingine ina vitanda vipana vya mbao vilivyotandikwa mazulia na mito. Vua viatu, panda, kaa chini. Kitambaa kitatandazwa katikati yenu, wanakiita dastarkhan. Usikikanyage wala usikiruke, zunguka nyuma ya watu. Na Ijumaa baada ya sala nenda mapema, maana madereva wa Kipashtuni, kabila la Afghanistan na Pakistan, wanajaa na nafasi hupati.

JikoLaTanga

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mpishi wa shughuli, na nimesoma "wanaonyesha wali kwa kidole" nikaona niutetee wali wenyewe, kwa sababu Kabuli palau ni kazi ya ufundi mkubwa. Niliila Dubai kwa mwanangu, nikaomba kuingia jikoni, wakaniruhusu.

Nyama ya kondoo inachemshwa na kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa hudhurungi iliyokolea, na rangi ya wali inatoka hapo. Mchele ni ule mrefu wa sela, yaani uliochemshwa kidogo kiwandani kabla ya kukobolewa, umelowekwa kwa muda mrefu, unachemshwa nusu kisha unamwagwa maji. Halafu unarudishwa sufuriani na supu ya nyama, na bizari nyembamba, iliki, karafuu na mdalasini vilivyosagwa. Nyama inafukiwa katikati ya wali. Karoti zimekatwa nyembamba kama njiti, zinakaangwa peke yake kwa mafuta na sukari kidogo, zabibu kavu zinatiwa mwisho mpaka zivimbe. Hizo hazichanganywi. Zinafungwa kwenye foili na kuwekwa pembeni humohumo, sufuria linafunikwa na kuachwa kwenye moto mdogo hadi kila punje isimame peke yake.

Ikija mezani unaona mlima wa wali, karoti na zabibu juu, nyama huioni. Chimbua. Nyama iko chini, laini, mfupa unatoka wenyewe.

Wanangu, viungo vyake ni vilevile vya pilau yetu ya pwani. Tofauti iko kwenye mkono: sisi tunataka bizari isikike tangu mlangoni, wao wanataka kwanza usikie ladha ya kondoo. Mimi baada ya kuionja nimepunguza karafuu kwenye pilau zangu za harusi, na wateja wamefurahi.

MwanaMvita

Heshima zako mama, lakini mimi ule utamu wa zabibu na karoti ulinishinda. Pilau bila kachumbari na pilipili, mtu wa Mombasa ataimeza vipi? Nilikula nusu nikaacha.

JikoLaTanga

Mwanangu, uliuliza ile chatini ya kijani? Ni kotmiri, pilipili mbichi, kitunguu saumu na siki, imesagwa. Sehemu nyingi inaletwa na saladi ya nyanya, matango na vitunguu. Tia kidogo kando ya wali, kisha chukua tonge lenye karoti, nyama na hiyo chatini pamoja. Ule utamu unakaa mahali pake. Kunywa na dogh, yaani mtindi uliotiwa maji, chumvi, matango na mnanaa mkavu. Nenda tena, tafadhali, usiihukumu kwa nusu sahani.

BintiUnguja_Hamburg

Asalaam alaykum. Mimi nasoma Hamburg, mji wenye jamii kubwa sana ya Waafghani. Wengine walikuja zamani kwa biashara ya mazulia, wengine kwa sababu ya vita. Nilipofika nilikuwa natafuta nyama ya halali tu, nikaelekezwa mgahawa mdogo karibu na kituo cha treni, na ndio umekuwa jiko langu la pili.

Ninachopenda ni mantu. Ni vifuko vya unga vyembamba vilivyojazwa nyama ya kusaga na vitunguu, vinapikwa kwa mvuke. Chini wanapaka mtindi wenye kitunguu saumu, juu wanarudia mtindi, halafu mchuzi wa dengu na nyanya, na mnanaa mkavu. Mtindi ni baridi na mantu ni ya moto, ndivyo inavyotakiwa, msirudishe jikoni. Kuna ndugu yake, ashak, iliyojazwa majani ya gandana, jamii ya vitunguu vya majani.

Siku moja ya Nauruzi, mwaka wao mpya unaoangukia Machi 21 hivi, mama mwenye mgahawa alitupa wote bakuli la haft mewa bila malipo. Ni matunda makavu na karanga za aina saba: zabibu, aprikoti, lozi, pistachio na wenzake. Yanalowekwa kwenye maji hadi maji yenyewe yawe sharubati. Hakuna sukari iliyoongezwa. Alikuwa ametoka Herat, mji wa magharibi mwa Afghanistan, na alikaa nasi akatueleza jinsi kila lozi ilivyomenywa ganda kwa mkono usiku wa kuamkia sikukuu. Nilikuwa mbali na nyumbani na sikukuu ile haikuwa yangu, lakini nilijisikia nimealikwa kweli.

NesiWaFremont

Wadau, mimi ni Mkenya niko California, Fremont, mji ambao sehemu yake watu huiita Little Kabul. Wengi wa wazee hapa walikimbia baada ya jeshi la Kisovieti kuingia nchini mwao Desemba 1979, na wengine wameongezeka tangu Taliban walipoiteka Kabul, mji mkuu wao, Agosti 2021. Nikitoka zamu ya usiku napitia bolani: chapati nyembamba iliyokunjwa na viazi au gandana ndani, inakaangwa pale pale. Ikiwa na chai ya kijani yenye iliki, na zile lozi zilizopakwa sukari wanazoweka kisahanini, usingizi wangu unakuwa mzuri.

Jambo moja nimejifunza kwa wenyeji: nendeni wengi. Sahani zao zimepimwa kwa ajili ya kula pamoja. Ukienda peke yako utalipia wali ambao hutaumaliza.

MzigoWaKariakoo

Ahsanteni sana, dada wa Hamburg umenigusa. Mama, ile Kabuli nitaiangalia kwa macho mengine safari ijayo. Nina swali: mke wangu hali nyama, naye tunasafiri pamoja. Atakula nini?

NesiWaFremont

Borani banjan, bila kufikiria mara mbili. Ni bilingani zilizokaangwa, zikapikwa na nyanya, juu mtindi wa kitunguu saumu. Muongezee sabzi, ambayo ni mchicha wao wa spinachi, na bolani ya viazi. Ila aulize kama sabzi imepikwa bila nyama, maana wengine wanaitia kondoo. Wali aombe chalau, mweupe, kwa sababu ule wa kahawia umepikwa kwa supu ya nyama hata kama nyama haionekani. Mwisho amalizie na firni, maziwa mazito ya iliki yaliyogandishwa, pistachio juu.